Re: Jua la Yoshua lilisimama kweli?
Mkuu umeuliza kama jua lilisimama kweli siku ile ya vita ya Yoshua au ni stori tu, binafsi naona watu wengi wanaruka kitu kimoja, hebu fungua Yoshua 10:12-13 usome taratibu, palepale mwandishi anakwambia hayo maneno yameandikwa kwenye Kitabu cha Yashari (kitabu kingine cha kale, hakimo kwenye Biblia), na yenyewe ni shairi, wimbo wa vita kabisa. Sasa shairi unalipimaje kwa saa ya ukutani?? Mistari hiyohiyo ndo viongozi wa Kanisa Katoliki walimbana nayo Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, 1633 akahukumiwa kisa kusema dunia ndo inazunguka jua. Zaburi 114 nayo inasema milima iliruka kama kondoo waume, mbona hapo hamna anayegombana hahaha.

Ila usichukulie miujiza yote sawa, ufufuo ni ishu nyingine, Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anasema wazi kama Kristo hakufufuka basi imani ni bure, tena anataja mashahidi, huyo alimaanisha alichoandika, kuamini au kutoamini ni juu yako. Mchungaji wako akikomaa na la jua muulize hicho cha Yashari kakisoma wapi, maana kilishapotea zamani sana.