Pampu na hita ya bwawa zihesabiwe mbalimbali
Ndugu, umeuliza kama matumizi ya pampu na hita ya bwawa la kuogelea yanaweza kukisiwa kwa jumla moja katika ukaguzi wa nishati ya nyumba, nakusihi uyatenganishe. Pampu haina taabu: pima wati zake ikiwa kazini na usome saa kwenye taima, kwani ya kilowati 1.5 ikizunguka saa 8 hula uniti (kilowati-saa) 12 kwa siku. Hita ndiyo yenye kazi, kwa sababu joto jingi hupotea na mvuke. Bwawa la mita 8 kwa 4 likipungua milimita 5 kwa siku bila kuvuja, zimekwenda lita 160, nazo zimechukua karibu uniti 108 za joto, ambazo jua hurudisha sehemu na hita hubeba zilizobaki. Kwa hiyo uliza kwanza kama bwawa hufunikwa usiku, kwani kifuniko huzuia mvuke huo.