Dirisha jeusi lililofungwa saa ya mpira

Kompyuta ya dukani kwa dada yangu nilimwekea MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza kumbukumbu za mauzo, nikamfundisha kila asubuhi afungue dirisha jeusi la amri, aiwashe kwa kuandika mysqld --console, kisha alishushe chini na asiliguse. Alishika vizuri. Ila jioni moja mpwa wangu akataka kuangalia mpira, akaona dirisha lisilo na maana kwake, akabonyeza ule msalaba wa pembeni. Programu ya mauzo ikagoma na wateja wamesimama kaunta. Simu ilinikuta nimebanwa kwenye daladala.

Kosa lilikuwa langu, si la mtoto. MySQL ya kazi inatakiwa isajiliwe kama huduma ya Windows: inajiwasha mashine inapowaka, hata kabla mtu hajaingia, na haina dirisha la kufungwa.

Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, la sivyo utajibiwa "Install/Remove of the Service Denied!". Ingia folda ya bin ndani ya folda ya MySQL, uandike (my.ini ni faili la mipangilio yake):

mysqld --install MySQL --defaults-file=C:\mysql\my.ini

Jina la huduma litangulie, njia ya faili ifuate. Halafu iwashe: net start MySQL.

Mimi ilinigomea. Windows ikaniambia tu huduma haikuanza, nikapoteza karibu saa nzima nikiifuta kwa mysqld --remove na kuisajili upya. Bure kabisa. Jibu lilikuwa kwenye folda ya data, ndani ya faili linaloishia na .err: kuna programu nyingine imeshikilia ibdata1, faili la data la MySQL. Programu ipi? MySQL ileile niliyoiwasha kwa mkono asubuhi, dirisha lake bado liko chini pale! Nikaizima kwa mysqladmin -u root -p shutdown, huduma ikaanza papo hapo. Kwa hiyo ikikugomea, kasome .err kwanza, kabla hujagusa kitu.

Kwa kuwa sasa itakuwa macho muda wote, na kama programu zinazoitumia ziko kwenye mashine hiyohiyo, weka bind-address=127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe) chini ya [mysqld] kwenye my.ini, uiwashe upya. Bila hivyo inasikiliza hata wanaotoka kwenye Wi-Fi.

Laputopu ya kujifunzia yenye RAM ndogo haihitaji yote haya. Tumia --install-manual badala ya --install, uiwashe siku ukiwa na kazi nayo.

Na umeme ukikatika ghafla, huduma nayo inazimika kama kila kitu. Ndiyo maana dada ana flashi yenye nakala ya akiba ya data, iliyotolewa kwa mysqldump; naichukua kila Jumamosi.