Skana mbili, namba mbili: retina inajijenga?

SWALI: Mwanangu wa miaka 16 ana retinitisi pigmentosa, ule ugonjwa wa kurithi unaoua polepole seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kama mjomba wake. Mwaka jana alipigwa skana ya OCT (picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina) hapa Bukavu, unene wa katikati ya retina ukaandikwa mikromita 248. Mwaka huu amepigwa kwingine, imetoka 266. Je, retina inajijenga upya? *Mama wa Kadutu*

JIBU: Hapana, Mama, na usimpe kijana tumaini hilo. Uliza kwanza kama mashine ni za aina moja. Kila kampuni ina mstari wake wa chini inapoishia kupima, hivyo jicho lilelile, siku ileile, laweza kupishana mikromita 10 au 20. Kama aina ni moja, basi ongezeko ni la kutiliwa shaka: huenda maji yamejikusanya katikati, nayo huonekana pichani kama vitundu vyeusi. Hayo yana dawa, matone ya dorzolamide au vidonge vya asetazolamide, kwa mkono wa daktari.

Kwa ugonjwa huu unene hausemi mengi. Tazameni picha yenyewe. Karibu na chini ya retina kuna mstari mweupe mwembamba. Palipo na mstari huo, seli zinazopokea mwanga bado zipo. Kuelekea pembeni unafifia hadi kupotea. Pimisheni urefu wake, kutoka unapopotea upande wa pua hadi upande wa sikio, kwenye mkato unaopita katikati kabisa. Unaweza kufupika mwaka hadi mwaka huku kijana bado anasoma herufi zote za ukutani.

Siku ya kipimo apigwe mara mbili, aondoe kidevu kwenye mashine kati ya picha na picha. Tofauti itakayotoka ni kosa la kipimo tu. Badiliko la mwaka lisilolizidi msilihesabu. Picha hafifu irudiwe baada ya kupepesa macho. Ikibaki hafifu, daktari atafute mtoto wa jicho, maana wagonjwa hawa humpata mapema. Kisha mwaka ujao rudini kwenye mashine ileile: nyingi hutambua mishipa ya damu na kurudi mahali palepale, kazi ambayo karatasi ya printa haiwezi.

Jambo moja hukuuliza. Mgonjwa mwingine ni mjomba, yaani ndugu yako wewe, kwa hiyo huenda ugonjwa unapitia kwa akina mama. Nawe upigwe picha ya retina ya mwanga wa buluu. Mama mwenye kuubeba mara nyingi huonyesha miale inayotawanyika kutoka katikati, hata kama anaona vizuri. Ukiwa nayo, mabinti zako nao wapimwe.