Niende kuona bustani za vioo za mfalme ao nibakie nyumbani?

SWALI: Jambo sana wakubwa wa gazeti. Mimi nauza miche ya maua hapa Nyawera, Bukavu. Mwezi wa 4 nitaenda Ubelgiji kwa dada yangu mukubwa, naye ananiambia Brussels, pale Laeken kwa mfalme, kuna bustani ndani ya nyumba za vioo, tena moja inaitwa Serre du Congo. Nataka sana kuiona lakini shemeji anasema kuenda kule ni kumuheshimu Leopold II, mfalme wa zamani wa Ubelgiji. Niende? Na wanafungua kila siku?

JIBU: Dada, tuanze na siku juu hapo njo wengi wanakosea: siyo kila siku. Laeken mfalme anaishi pale mpaka leo, kwa hiyo watu wanafunguliwa kama wiki tatu tu kwa mwaka, mwezi wa 4 na wa 5. Tiketi inauzwa kwa intaneti na iko na saa yake, basi wakitangaza tarehe tu dada yako akukatie, usingoje ufike.

Sasa neno la shemeji. Namuelewa kabisa, watu wetu walikatwa mikono juu ya kaucho, ule mpira wa miti, wakati wa Leopold, na hakuna ua linafunika ile. Lakini tuseme vile iko: ile nyumba kubwa ya duara, Jardin d'hiver, mchora-majengo Alphonse Balat aliijenga 1874 mpaka 1876, na Leopold II aliichukua Congo 1885, kwa hiyo hiyo haikutoka kwa mpira wetu. Serre du Congo njo ilikuja nyuma, 1886, na ilijengwa ili iwekwe mimea ya kwetu, na wewe muuza miche utaelewa mbio kuliko mimi kilichotokea, mimea yetu haikuzoea pale! Leo utakuta michikichi ya namna mingi, kangaga na fikusi, jina la Congo likabakia mlangoni. Mimi hiyo inaniuma, na njo sababu nasema uende, simama pale na jicho lako la kazi, angalia majani, uliza ni mimea ya wapi.

Halafu usipite mbio kwa zile koridoo ndefu za vioo. Jeraniumu zinapandishwa kwa ukuta mpaka juu, fukisia zinaning'inia kichwani, ni njia ya kupanda mtu anaweza kujaribu hata kwa baraza ya Nyawera na kamba tu na uvumilivu. Azalea nazo zinakuwa zimefunguka wakati ule. Kamelia ni sifa kubwa ya Laeken lakini zinatoa maua mapema, ukichelewa utakuta zimeanguka.

Shemeji mualike muende pamoja, akikataa muache. Na uvae triko ya kuvua haraka, juu inje mwezi wa 4 kuna baridi kuliko Bukavu na ndani ya vioo kuna joto.