Wasiwasi wa udhu ulivyonitesa chuoni

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa natawadha kwa dakika 40. Ndoo ya lita 20 inaisha nami bado niko kwenye kiwiko cha kushoto, sina hakika kama maji yamefika. Ngozi katikati ya vidole ilichanika. Nikisimama kuswali natoa takbira, naona nia haikukaa sawa, naanza tena. Alfajiri moja jua lilichomoza nikiwa bafuni, na mwenzangu wa chumba amesimama mlangoni na kopo lake, kimya.

Watu walinisifu kwa ucha Mungu. Nami tangu utotoni ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Ukurasa mmoja ukichafuka, naandika upya daftari zima. Tabia hiyo si ugonjwa, na ilinifaulisha mitihani. Ila wasiwasi ulipokuja ulipata pa kushika.

Ustadhi mmoja aliniambia imani yangu ni dhaifu, niongeze ibada. Nikaongeza sunna na nyiradi. Kila nilichoongeza kikawa jambo jingine la kutilia shaka.

Mama yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, ukisharudia, moyo unatulia kwa muda gani?" Dakika mbili, labda tatu. Akasema, "Basi huo ni upele. Unaukuna, nao unazidi kuwasha."

Alinipeleka kliniki ya afya ya akili. Daktari alinieleza kwamba ni maradhi yanayojulikana, yanatibika kwa mazoezi pamoja na dawa. Zoezi lenyewe: tawadha mara moja, ondoka, usirudi, hofu iache ishuke yenyewe. Siku ya kwanza nilitetemeka nusu saa nzima. Nikaswali hivyohivyo.

Kilichonishangaza ni kwamba dini ilikuwa upande wa daktari. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kuwa anayeshuku udhu wake ndani ya swala asitoke mpaka asikie sauti au ahisi harufu ya upepo uliomtoka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika hata lita. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu maradhi ya nafsi na wasiwasi bega kwa bega na maradhi ya mwili. Kwa hiyo ndugu yangu, usione haya kwenda hospitali. Tafuta pia mwalimu wa dini anayeujua wasiwasi, akupe jibu moja, ulishike. Usizunguke kuuliza masheikh kumi, maana kuulizauliza nako ni kukuna.

Ukiwa unatumia dawa, usiiache dawa hiyo wakati wa Ramadhani kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari mapema akupangie. Yangu ilihamishiwa wakati wa daku. Na ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Sasa natawadha kwa kopo moja. Jana shaka ilinijia nikiosha mguu wa kulia. Nikamaliza wa kushoto, nikavaa ndala, nikaenda msikitini.