Ami, askari wa geti aliniuliza nimemfuata nani

SWALI: Ami, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, miaka 34, karani wa makontena. Nakunywa. Mke wangu anajua, mama hajui, na nyumba ni moja. Huwa naenda mpaka Mtwapa nisionekane. Kila Ramadhani naacha. Idi mosi jioni narudi. Mwaka huu chungu cha pili mikono ilitetemeka hata nikamwaga uji wa futari, na usiku nikaona panya wanapanda ukutani. Mke wangu hakuona kitu. Nikasema imani yangu ndiyo imeoza. Baadaye nikaona tangazo hospitalini: mkutano wa AA, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alhamisi jioni, ukumbi wa kanisa. Nikaenda. Askari wa geti akaniuliza, “Umemfuata nani?” Nikarukia tuktuk nikarudi. Je, mikutano hii ni ya Wakristo? Na nitaingiaje bila watu kunijua?
Wa Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Askari mjibu maneno mawili tu: “Nimekuja mkutano.” Atakuonyesha mlango. Mimi mara yangu ya kwanza niliuzunguka ukumbi mara tatu, simu sikioni, nazungumza na mtu asiyekuwepo, mpaka muuza mihogo akaniuliza, “Ami, hilo bando lako haliishi?” Kwa aibu nikaingia.

Lakini kabla ya geti, hao panya wananitia wasiwasi zaidi. Imani haihusiki hapo. Pombe huutuliza ubongo, nao ukizoea kutulizwa kila siku hujilazimisha kwenda mbio ili usilale. Ukiikata pombe ghafla, mbio zinabaki bila breki: jasho, mitetemo, moyo kudunda, na wengine huanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuona visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu ni dalili ya hatari, na watu hufa nayo. Kwa hiyo usijifungie chumbani ukaacha kiume. Nenda hospitali ya Makadara, mwambie daktari unakunywa kiasi gani, usimfiche hata chupa moja, na umwambie habari ya panya. Zipo dawa za kukushusha polepole, na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Mkutano hauna dawa hizo. Kwa mkutano utajifunza kubaki bila pombe. Kuitoa mwilini ni kazi ya daktari.

Sasa kanisa. Ukumbi unatakiwa uwe na viti na kodi nafuu, na makanisa huwa na kumbi. AA haifungamani na dini yoyote. Katika hatua kumi na mbili ambazo wanachama huzifuata ili kuacha pombe, Mungu anatajwa, kweli, lakini kila mtu anamwendea kwa namna anavyomfahamu yeye. Mimi huingia na baraghashia yangu kichwani. Adhana ya magharibi ikilia natoka, naswali, narudi, na kiti changu bado kipo.

Tena hata kikundi chenyewe kilianza kwa mtu kutafuta kama unavyotafuta wewe. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa kutoka New York, alikuwa mjini Akron, Ohio, mpango wake umevunjika, kasimama hotelini, baa inamwita. Akaishika simu badala ya glasi, akapigia makanisa akitafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye akinywa vibaya. Ndio hao wawili walioianzisha AA.

Ndani hutajaza fomu. Jina la kwanza latosha, na zamu ya kuzungumza ikikufikia waweza kusema, “Leo nasikiliza.” Ada hakuna, mfuko wa mchango hupita, ukitaka unatia, hutaki unaupisha. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mkeo aweza kukaa, au ni wa wenye tatizo peke yao.

Kukuapia kwamba hutamkuta jirani siwezi, Mombasa hii twajuana mpaka kwa vikohozi. Ukimkuta, na yeye amekukuta. Bado waogopa? Tafuta mkutano ng'ambo ya feri, maana kwenda Mtwapa kunywa nauli haikukushinda. Ipo pia ya kwenye simu, kamera umezima. Siku na saa hubadilika na tangazo likabaki ukutani, basi piga kwanza. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure. Watakushauri, na uwaulize pa kuanzia.

Mkeo naye asiachwe. Jamaa za walevi wana mikutano yao, Al-Anon, tangu 1951. Mama mwache kwanza, siku ya kumwambia utaijua.

Daktari akishakuruhusu, Alhamisi ile ile panda tuktuk. Mwambie dereva akushushe getini, umlipe kabisa, asikusubiri.