Maswali ya Wasomaji: Visu Butu kwa Watoto

SWALI: Nina wanafunzi 24 wa miaka tisa na kumi. Nataka tuchonge vigingi vya bustani ya shule, tukiwa nje. Mwenzangu ananishauri nitumie visu butu ili wasijikate. Tena vijiti vikavu tulivyojaribu ni vigumu mno. Tufanyeje?
Mwalimu wa darasa la nne

JIBU: Mwalimu, visu butu viache kabisa. Kisu butu hakiumi mti, kwa hiyo mtoto hukikandamiza. Kikiteleza, nguvu zote zinaishia kwenye mkono ulioshika kijiti. Chagua kisu kisichokunjika, ubapa wa sentimita 7 au 8, na ukinoe kabla ya kila kipindi. Kisu cha kukunja kinaweza kujikunja ghafla na kumkata vidole.

Vijiti vikavu ndivyo vilivyowashinda. Kateni tawi bichi lililonyooka, unene wa dole gumba. Epuka miti yenye utomvu unaowasha, na epuka vifundo: hapo nyuzi za mti hugeuka, kisu hukwama, kisha huchomoka ghafla. Kazi ikiisha, kaushia kivulini. Juani sehemu ya nje hunywea kabla ya ndani, na kijiti hupasuka.

Zaidi ya yote, angalia wanavyokaa. Mtoto aketi kwenye gogo, viwiko juu ya magoti, achonge mbele ya magoti, kisu kikienda mbali na mwili. Kamwe asichonge katikati ya mapaja. Pale pana mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika dakika chache tu ni hatari. Kabla ya kuchomoa kisu anyooshe mkono na kuuzungusha: akimgusa mwenzake, wasogee. Glavu ivaliwe mkono wa kijiti tu, maana kwenye mkono wa kisu hulegeza mshiko.

Wote 24 kwa pamoja, hapana. Mtu mzima mmoja asimamie wanne, na siku ya kwanza wawili wanatosha. Wengine wabandue magome ya vijiti kwa kifaa cha kumenyea viazi. Mwendo wa mkono ni uleule. Dakika 15, kisha wabadilishane, kwa sababu mkono uliochoka hukosea.

Kisu hakipokezanwi mkononi. Kirudi alani, kiwekwe chini, mwingine aokote. Vihesabu unapovitoa na unapovikusanya, na sanduku la huduma ya kwanza liwe palepale, si ofisini.